Sulisuli wa ukutani: mbona haoozi?

Umewahi kuingia hoteli ya pwani, tuseme Malindi au Watamu, ukakuta sulisuli katundikwa ukutani, mdomo wazi kama ndo kwanza katoka majini? Wengi hudhani ni samaki aliyekaushwa. Mara nyingi pale hakuna samaki kabisa. Ni faiba, ileile ya kuundia boti.

Kwa nini asikaushwe samaki mwenyewe? Mafuta. Ngozi ya swala ikitengenezwa vizuri hutulia, lakini ya samaki mwenye mafuta mengi inaweza kuendelea kuvuja taratibu, ikageuka njano, na mapezi yakapasuka. Faiba haina shida hiyo. Tena mvuvi wa burudani anaweza kupima urefu na mzunguko wa samaki wake, akampiga picha na kumwachia aende zake. Fundi atatafuta kalibu yenye vipimo vya karibu. Ila kalibu hiyo nayo ilitokana na samaki mmoja aliyekufa.

Ukitaka kujifunza, anza na sato wa sokoni. Msafishe kwa siki na chumvi hadi ute uishe, maana plasta hunakili kila kitu, magamba na ute pia. Mlaze ubavu kwenye udongo wa mfinyanzi, azame nusu ya unene wake, mapezi yakiwa yametandazwa. Mimina plasta. Ikishika, geuza, ondoa udongo, paka vaselini kwenye plasta ya kwanza, kisha mimina nusu ya pili. Wanaoanza hukwama hapa: popote palipojikunja kwa ndani, kama mdomoni au chini ya kifuniko cha matamvua, plasta ikiingia inang'ang'ania na kalibu haifunguki. Ziba sehemu hizo kwa udongo mapema. Halafu iache kalibu ikauke kabisa, uipake nta. Unyevu huizuia rezini kukomaa, utabaki na kitu kinachonata.

Sasa kemia. Rezini ya poliesta ni minyororo mirefu ya molekuli iliyoyeyushwa ndani ya stairini. Fundi huongeza peroksaidi, kwa kawaida gramu 1 hadi 2 kwa kila gramu 100 za rezini. Watu huiita kichocheo, ingawa kichocheo cha kweli hakitumiki kikaisha, na hii huisha. Inavunjika kuwa radikali huru zinazofungua vifungo viwili vya kaboni, stairini ikawa daraja kati ya mnyororo na mnyororo. Nyuzi zilizokuwa zinateleza zimefungwa mafundo, zimekuwa wavu. Ndiyo maana huwezi kuiyeyusha tena.

Mmenyuko huo hutoa joto, na joto huuharakisha zaidi. Tabaka jembamba ndani ya kalibu hupoa kwa hewa, lakini ukiacha kikombe kizima cha mchanganyiko kinaweza kutoa moshi na kupasuka. Kwa hiyo changanya kidogo kidogo, hasa mchana wa Mombasa. Rezini peke yake ni dhaifu, hukatika kama biskuti. Nyuzi za kioo unazoilowanishia ndizo zinazobeba mvuto.

Usicheze na peroksaidi: tone moja jichoni linaweza kukupofusha. Vaa miwani na glavu, fanyia kazi mahali penye hewa. Na usiichanganye kamwe moja kwa moja na kiharakishi cha kobalti, inaweza kulipuka. Kobalti hutangulia kwenye rezini, ikorogwe vizuri, ndipo peroksaidi ifuate.

Nusu mbili zikiungwa, mshono ukasuguliwa na jicho la kioo likawekwa, kinabaki kitu cha kijivu kisichomvutia mtu. Rangi ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu rangi za samaki ziko kwenye seli hai. Fulusi, kwa mfano, hung'aa kijani, buluu na dhahabu akiwa hai, halafu hufifia ndani ya dakika chache baada ya kufa. Fundi aliyepewa maiti hana cha kuiga; aliyepewa picha iliyopigwa samaki akiwa bado anarukaruka ndiye mwenye kazi.