Kabla ya Kuilaumu Dawa, Pima Tundu

Chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, ikirudi shambani wiki chache baada ya kupiga dawa, lawama humwendea mwenye duka: ameuza dawa feki. Nozeli, kile kidude kidogo kwenye ncha ya bomba, haishukiwi.

Kahawa si mgeni Kisii na Nyamira. Eneo hili la Gusii lilikuwa miongoni mwa sehemu chache ambako serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika kuilima katika miaka ya 1930. Chulebuni ilikuwa imeshatambuliwa nchini tangu 1922. Mbegu ya Ruiru 11, iliyotolewa 1985, huistahimili. Lakini mwenye miti ya aina ya SL 28 bado anategemea bomba.

Unga wa dawa ya shaba tunayopigia chulebuni hauyeyuki. Chembe zake huelea majini na kukwangua tundu kila zinapopita, na maji ya kijito yenye mchanga huzidisha. Tundu likipanuka, presha hushuka, matone yanakuwa mazito, yanateleza kwenye jani na kuishia udongoni.

Wahandisi wa roketi wanaujua ugonjwa huu wa nozeli. Roketi za Scout zilizorushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, kati ya 1967 na 1988, zilitumia fueli yabisi. Katika injini za aina hiyo, gesi ya moto mkali hula koo la nozeli. Koo likipanuka, presha hushuka na msukumo hupungua. Kwa hiyo fundi hupima koo kabla ya jaribio na baada yake.

Nasi tupime. Tia maji safi kwenye bomba, piga kwa mwendo wako wa kawaida, kinga jagi lenye alama kwa dakika moja. Rudia kwa nozeli mpya ya aina ileile. Mpya ikitoa mililita 800 na kuukuu 900, ongezeko limepita asilimia 10: badilisha.

Ikitoa pungufu, imeziba. Vaa glavu, ifungue, isugue kwa maji na mswaki laini, kisha safisha kichujio. Usiichokoe kwa waya, utalipanua tundu. Wala usiipulize kwa mdomo, ni sumu.

Ndugu mkulima, nozeli ni rahisi kuliko dawa ya msimu mmoja. Ipime kabla mvua hazijaanza.