Gemu ya Kulipia Kwenye Simu: Lipi Kweli, Lipi Uongo

Oktoba 2009 Apple iliruhusu gemu za bure ziuze vitu ndani yake, na tangu hapo watengenezaji wamekuwa wakiambizana jambo moja: enzi ya kuuza gemu ya simu kwa bei moja, ulipe leo na ucheze mpaka uchoke, imekwisha. Limerudiwa mno hata vijana wanaoingia kwenye kazi hii hawalipimi tena. Mimi naamini kuuza kwa bei moja bado ni biashara, tena biashara safi, ilimradi ujue inamfaa nani. Haya ndiyo madai ninayokutana nayo mara kwa mara, na ninavyoyapima.

"Hakuna mtu anayelipia gemu ya simu."

Uongo, na ushahidi mzuri kuliko wote umewekwa wazi na wenyewe.

Aprili 2014 studio ya ustwo ya London ilitoa Monument Valley kwa dola 3.99. Unamwongoza binti mfalme aitwaye Ida kwenye majengo yanayodanganya macho: unazungusha mnara kwa kidole, na ngazi iliyokuwa ikining'inia hewani inaungana na ukuta wa upande wa pili, kisha Ida anapita kana kwamba njia ilikuwapo siku zote. Ina sura 10, na mchezaji wa kawaida huimaliza kwa muda usiozidi sana saa mbili. Haina matangazo, haina sarafu za kununua, wala haikwambii usubiri mpaka kesho ndipo uendelee.

Januari 2015 ustwo walifungua vitabu vyao vya hesabu hadharani, jambo ambalo studio chache hulithubutu. Gemu iliwagharimu dola 852,000, ikatengenezwa na kikosi cha watu wanane kwa wiki 55. Walikuwa wameuza nakala zaidi ya milioni 2.4, na mapato yalifika takriban dola milioni 5.8.

Hesabu hizo zinastahili kuangaliwa kwa utulivu. Duka lilikuwa likikata asilimia 30, kwa hiyo kwenye kila dola 3.99 mtengenezaji alibaki na takriban dola 2.79 kabla ya kodi. Kwa bei hiyo, kurudisha dola 852,000 kulihitaji wanunuzi wapatao 305,000. Wangeuza kwa senti 99, wangehitaji wanunuzi zaidi ya milioni 1.2 ili tu kurudisha gharama. Kwa hiyo ile bei iliyoonekana kubwa ndiyo iliyowaruhusu kutengeneza gemu fupi, yenye mwisho, bila kumbana mchezaji.

Na si wao peke yao. Minecraft ya simu ilikaa miaka mingi kwenye kilele cha orodha ya gemu za kulipia kwa takriban dola 7. Fireproof Games, studio ndogo ya Guildford nchini Uingereza, ilianza na The Room mwaka 2012 na ikaendelea kuishi kwa kuuza matoleo yaliyofuata. Stardew Valley na Dead Cells zilikuja kwenye simu zikiwa na bei mlangoni, na watu wakalipa.

"Tatizo ni bei. Ishushe, watanunua."

Uongo. Dhana hii ilizaliwa zamani, Angry Birds ilipotoka Desemba 2009 kwa senti 99 na kuizunguka dunia. Kila mtu akaiga bei, akasahau kwamba bei nafuu humfaa anayeuza mamilioni ya nakala.

Mteja anayetoka kwenye bure kwenda senti 99 anavuka hatua kubwa kuliko anayetoka dola 1 kwenda dola 5. Ukimdai pesa yoyote, hata ndogo, inabidi asimame, aweke nywila, atafute kadi, ajiulize kama anaihitaji kweli. Akishaamua kulipa, nyongeza ya dola mbili au tatu si ya kumzuia sana.

Tazama kilichowapata hao hao ustwo. Novemba 2014 walitoa sura mpya nane za Monument Valley kwa dola 1.99. Kuzitengeneza kuligharimu dola 549,000. Baadhi ya waliokuwa wameipenda gemu wakarudi dukani kuipa nyota moja, kwa sababu tu wameambiwa walipe tena. Dola mbili si kitu kwa mtu mwenye iPhone. Walichokasirikia ni kudaiwa, na hasira ya namna hiyo huiondoi kwa kupunguza bei.

Upande wa pili, Balatro iliingia kwenye simu Septemba 2024 kwa dola 9.99 na ikapanda hadi kileleni mwa orodha ya gemu za kulipia. Ilikuwa imeshapata mashabiki kwenye kompyuta tangu Februari mwaka huohuo. Waliinunua kwa sababu walikuwa wameshajua wanachonunua.

"Ukiwa na jina kubwa, watalipa chochote."

Hapa ukweli ni nusu.

Desemba 2016 Nintendo ilimleta Mario kwenye simu kwa mara ya kwanza. Super Mario Run ilipakuliwa bure, hatua tatu za kwanza zikachezeka, kisha ukuta: dola 9.99 kufungua zilizobaki. Ndani ya siku nne ilikuwa imepakuliwa mara milioni 40. Nintendo ilieleza kwamba ilichagua bei moja ili mzazi asiishi na hofu ya mtoto kununua vitu usiku na mchana, na kwa hilo nawapa heshima yao. Lakini maoni ya nyota moja yakamiminika. Mwaka uliofuata, gemu ikiwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 200, kampuni yenyewe ilikiri kwamba faida haijafika kiwango inachokubali.

Wengi huishia hapo na kusema Mario alishindwa. Lakini mwishoni mwa Januari 2017 Nintendo ilitaja upakuaji milioni 78, na waliolipa wakiwa zaidi ya asilimia 5. Hao ni karibu watu milioni nne, kila mmoja na dola zake 10, kwa muda wa wiki sita. Studio yoyote ya watu wanane ingeishi miaka mingi kwa pesa hiyo. Kilichoshindwa ni matarajio ya kampuni kubwa kama ile, pamoja na namna bei ilivyowekwa. Anayeiona bei dukani anaingia akiwa ameshakubali. Aliyeambiwa bure, akacheza dakika kumi, kisha akakuta ukuta, huona ametegwa, hata kama maelezo yalikuwa pale pale kwenye ukurasa.

Juni 2024 Ubisoft ilileta Assassin's Creed Mirage kwenye iPhone za hali ya juu kwa bei ya dola 49.99, baada ya sehemu ya kuonjesha bure. Kampuni ya takwimu ya Appfigures ilikadiria kwamba walioilipia wiki zile za mwanzo hawakufika 3,000. Jina lilikuwa kubwa na kazi ilikuwa nzuri. Lakini ilihitaji simu mpya kabisa, na mwenye simu hiyo mara nyingi ana kompyuta au PlayStation sebuleni ambako gemu hiyo hiyo inachezeka vizuri zaidi. Hakuwa na sababu ya kuinunua kwenye kioo kidogo.

"Gemu nzuri hujiuza yenyewe."

Uongo, na huu ndio unaoniuma kuliko yote.

Asher Vollmer na Greg Wohlwend walitumia zaidi ya mwaka mmoja kuitengeneza Threes, gemu ya kuunganisha namba kwenye vyumba 16. Walijaribu na kutupa mambo mengi mno kabla ya kufikia kanuni unayoielewa kwa nusu dakika. Ilitoka Februari 2014 kwa dola 1.99 na wakosoaji wakaisifu sana. Kabla mwezi haujaisha ikatokea 1024, ya bure. Machi ikaja 2048, iliyotengenezwa na kijana wa Kiitaliano, Gabriele Cirulli, kwa wikendi moja. Yeye hakuficha kwamba alikuwa akiiga 1024, na aliitoa bure kwa nia njema. Lakini ndiyo iliyoenea dunia nzima, mpaka watu wakaanza kuiita Threes nakala ya 2048.

Watengenezaji walichapisha mfululizo wa barua pepe walizoandikiana kipindi chote cha kazi, kuonyesha jasho lililomwagika. Apple iliichagua Threes kuwa gemu ya mwaka ya iPhone ya 2014. Hata hivyo, Juni 2015 wenyewe walitoa toleo la bure lenye matangazo, kwa sababu huko ndiko wachezaji wengi walikokuwa.

Monument Valley ni ngumu kuiiga: mtu anayetaka kuichora upya atahitaji mwaka na wachoraji wenye kipaji. Threes ni kanuni tu, na kanuni hainyimi mtu usingizi kuinakili. Anayefikiria kuuza kwa bei moja ajiulize mapema mshindani atahitaji muda gani kutoa inayofanana nayo bila malipo. Kama jibu ni wiki mbili, bei ya mlangoni haitamlinda.

"Ya bure huingiza pesa nyingi zaidi."

Kweli, ukiangalia soko zima. Uongo, ukimwangalia mtengenezaji mmoja mmoja.

Kwenye gemu za bure walio wengi hawalipi hata senti, na mzigo hubebwa na wachache wanaolipa sana. Ili uwapate hao wachache unahitaji mamilioni ya watu wanaoingia, bajeti ya kununua matangazo kila siku, seva, na watu wa kukesha wakipima mchezaji anaondoka wapi na kwa nini. Kikosi cha watu watatu hakina hayo. Tena gemu yenyewe hubadilika tabia: hatua huwekwa ngumu mahali fulani ili uuziwe njia ya kupita. Luca Galante, mtengenezaji wa gemu ya Vampire Survivors, Desemba 2022 alitoa toleo lake la simu bure, matangazo yakiwa hiari ya mchezaji, baada ya kutafuta bila mafanikio mbia ambaye hangeigeuza kuwa mtego. Njia ya katikati ipo, ila aliimudu kwa sababu alikuwa ameshauza sana kwenye kompyuta.

"Ukishauza, kazi imekwisha."

Uongo wa gharama kubwa. Septemba 2017 mfumo wa iPhone wa iOS 11 uliacha kuendesha programu za zamani za biti 32, na gemu nyingi zilizolipiwa kihalali zikakoma kufunguka kwa sababu hazikuwa na mtu wa kuzisasisha. Google nayo ilianza kudai biti 64 mwaka 2019, na huinua masharti yake kila mwaka. Aliyelipa mara moja mwaka 2012 bado anakudai gemu inayofanya kazi kwenye simu yake ya leo. Gharama hiyo iwekwe ndani ya bei tangu siku ya kwanza, na hii ni sababu nyingine ya kuzikimbia senti 99.

"Watu wa Android hawalipi, na Afrika Mashariki ndiyo kabisa."

Kuna ukweli ndani yake. Ustwo walisema kwamba kati ya Monument Valley zilizokuwa kwenye simu za Android, asilimia 5 tu ndizo zilizolipiwa, dhidi ya 40 kwenye vifaa vya Apple. Baadaye walifafanua kwamba wapo walionunua mara moja na kuiweka kwenye vifaa viwili, kwa hiyo si zote zilizobaki ni za wizi. Hata hivyo pengo ni kubwa.

Kwetu, faili za APK, zile za kusakinisha programu za Android, hupita mkono kwa mkono, na kwa miaka mingi aliyetaka kulipa kihalali hakuwa na kadi. Kikwazo hicho kinapungua: nchini Kenya, kwa mfano, tangu Juni 2022 mtumiaji wa M-Pesa anaweza kufungua kadi ya Visa ya mtandaoni ndani ya simu na kulipia nje ya nchi. Kinachobaki ni bei iliyopangwa kwa mfuko wa London, ilhali Google Play inamruhusu mtengenezaji kuweka bei tofauti kwa kila nchi. Na kuna hoja moja ambayo wauzaji hawaitaji kabisa: gemu ya bure huvuta video za matangazo siku nzima, na bando ni la mchezaji. Monument Valley, ukishaipakua, inachezeka ndani ya basi kutoka Dar hadi Mbeya data ikiwa imezimwa.