Gari la rimoti likigoma, anza na plagi

Umenunua katoni ya magari ya rimoti Kariakoo, umelipia ushuru, umevuka Rusumo na kuuza Kigali. Wiki haijaisha, mteja anarudi: gari linaondoka kwa kasi, halafu linazima ghafla. Anadai fedha zake. Kurudisha mzigo Dar es Salaam ni nauli, na ni siku za kazi zilizopotea. Kabla hujalaumu betri au mota, kagua plagi inayounganisha betri na gari.

Sababu ni hii. Mota ikivuta ampea 20, na plagi iliyolegea ikapoteza nusu volti tu, wati 10 hugeuka joto palepale. Plastiki hulainika, pini huzidi kulegea, gari hukosa nguvu. Mwisho wake betri nzima hutupwa bure.

Kipimo cha kwanza ni mkono. Endesha gari dakika tano, lizime, kisha gusa plagi kwa tahadhari. Ikiwa na joto kuliko nyaya zake, kasoro iko hapo. Kisha inua gari, magurudumu yazunguke hewani, na uitikise plagi taratibu. Yakikatakata, kuna pini iliyolegea au waya ulioachia lehemu.

Tiba hutegemea aina. Plagi nyeupe ya Tamiya, chomoa betri kwanza, kisha bana kidogo pini za kike kwa koleo nyembamba. XT60 ya njano, panua kidogo mpasuo wa pini za kiume. Plastiki ikiwa imeyeyuka, usihangaike: badilisha pande zote mbili.

Fundi anapolehemu plagi mpya, aichomeke kwenye plagi nyingine ya akiba isiyo na umeme, ili pini zisihame plastiki ikipata joto. Nyaya za betri akate mmoja mmoja. Mkasi ukigusa zote mbili ni shoti, na betri ya lithiamu huweza kuwaka moto. Upande wa betri uwe jike, maana pini zilizo wazi zenye umeme ni hatari. Nyekundu ikutane na nyekundu.

Safari ijayo, chomeka na uchomoe plagi mara kadhaa ukiwa bado dukani. Nzuri hukaza; inayoteleza iache hapohapo. Beba na plagi chache za akiba. Bei yake haifiki nauli ya kurudi.