Leseni ipo, kiti hakipo: mashamba ya Gusii yanavyogharimia urubani

Katika kaunti za Gusii, yaani Kisii na Nyamira, ada ya chuo cha urubani hutoka kule kule zinakotoka ada zote kubwa: chai, ndizi, mchango wa ukoo, mkopo wa sako na, mambo yakibana, kipande cha shamba. Tofauti huonekana baada ya kuhitimu. Muuguzi akipata kazi haambiwi alete fedha ndipo afundishwe mashine za wodini. Rubani kijana huambiwa hivyo, na siku hizi huambiwa kana kwamba ni jambo la kawaida.

Mfanyabiashara mmoja wa Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti hizo mbili, anauza mbolea na dawa za mimea. Anasema aliuza ploti ili mwanawe asomee leseni ya urubani wa biashara, na kwa hesabu yake gharama yote, pamoja na kodi ya nyumba Nairobi, ilikaribia shilingi milioni nne. Kijana alirudi na leseni na saa 200 za kuruka, kiwango cha chini ambacho kanuni za kimataifa zinadai kwa asiyesoma kozi maalumu ya mfululizo. Kila alikobisha hodi aliulizwa saa zaidi, kisha akaulizwa ruhusa ya kurusha aina fulani ya ndege. Hatimaye akapata ofa: aketi kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, ajenge saa, lakini kila saa ailipie. Mzee huyo anarudia jambo moja mara nyingi, na sauti inampanda kila anapolirudia. Ndani ya ndege ile abiria wamelipa nauli, na anayesaidia kuwarusha naye amelipa. Nani basi amelipwa?

Swali lake lina uzito kuliko hasira yake. Malipo ya mwezi yakiwa shilingi 25 kwa kilo ya majani mabichi, milioni nne ni kilo 160,000. Ekari moja ya chai, hata ikitunzwa vizuri, huchukua miaka mingi kutoa kiasi hicho, na hapo mchumaji na mbolea havijalipwa. Bonasi ingesaidia, lakini wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamezoea kuona yao ikibaki nyuma ya ile ya upande wa Mlima Kenya. Ndiyo maana mazungumzo huishia kwenye ardhi. Siku ya kwenda mbele ya bodi ya ardhi, mke na watoto wakubwa hufika kuulizwa kama wameridhia. Katika eneo ambalo wengi wanalima chini ya ekari mbili, ridhaa hiyo hutolewa mara moja tu.

Kuna gharama nyingine ambayo haimo kwenye orodha ya chuo. Cheti cha afya cha rubani wa biashara hudumu miezi 12 kwa kijana, kisha hupimwa upya kwa fedha. Uwezo wa kuruka kwa kutegemea vyombo pekee hujaribiwa tena kila mara, na saa ya ndege ndogo ya kukodi hupanda pamoja na dola, kwa sababu petroli yake maalumu huagizwa kutoka nje. Hivyo kijana anayesubiri kazi nyumbani Nyansiongo analipa ili leseni isilale. Ruhusa ya ndege kubwa ya jeti ndiyo mlima wenyewe: huweza kufika dola 20,000 au zaidi, na wengi huifuata nje ya nchi kwenye simuleta.

Afisa mmoja wa serikali anayehusika na usafiri wa anga haoni tatizo kubwa. Bara la Afrika, anasema, litahitaji marubani wapya takriban 20,000 katika miaka 20 ijayo, kwa hiyo anayesoma leo atavuna kesho. Takwimu hiyo inatajwa kwenye kila hafla ya mahafali, nayo inatokana na makadirio ya watengenezaji wa ndege, watu wenye ndege za kuuza. Haisemi ni wangapi kati ya hao watakuwa wanaoanza wenye saa 200 na wangapi ni makapteni. Kampuni zinazolalamikia uhaba, mara nyingi zinalilia makapteni. Tena kama uhaba ungekuwa wa hawa vijana, anayewahitaji ndiye angefungua mkoba. Sokoni hali ni kinyume, na afisa hakuwa na jibu la hilo.

Wenye ndege wana hoja, na si ya kupuuzwa. Kumfundisha kijana kwa fedha za kampuni, kisha kumwona akiondoka kwenda Ghuba baada ya miaka miwili, ni hasara ya kweli kwa mwenye ndege tatu. Lakini dawa yake inajulikana: mkataba wa kutumikia miaka kadhaa, na anayeondoka mapema hulipa kilichobaki. Kumtoza kabla hajaanza ni kumhamishia hatari yote yule asiye na uwezo wa kuibeba. Kisheria mwajiri Kenya huchangia mafunzo ya viwandani kwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Mzazi wa Keroka alichangia ploti.

Haikuwa hivi zamani. Mwaka 1971 nchi za Afrika Mashariki zilianzisha chuo cha pamoja cha urubani Soroti, Uganda, na serikali ndizo zilizowapeleka vijana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpango huo ulidhoofika pamoja nayo. Kilichofuata ni soko, na soko huchagua kwanza mwenye fedha, halafu ndipo huuliza kipaji. Hapo ndipo jambo hili linapomgusa hata abiria ambaye hana mtoto rubani.

Marekani ililijadili kwa machozi. Februari 2009 ndege ilianguka karibu na Buffalo, watu 50 wakafa, na ikabainika kwamba kapteni alikuwa amepitia mpango ambao wanafunzi hulipia kiti cha rubani msaidizi. Bunge likajibu kwa kudai saa 1,500 kwa marubani wa mashirika ya abiria, sharti lililoanza kutumika mwaka 2013. Marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa na zaidi ya saa hizo. Sharti hilo lililenga saa, si desturi ya kulipia kiti.

Kwa Gusii, uwanja wa ndege wa Suneka hauna safari za kutosha kuajiri vijana wake, na helikopta zinazotua kwenye viwanja vya shule siku za mazishi huwasha ndoto nyingi kuliko nafasi za kazi. Watalii wakiongezeka Maasai Mara, huenda wachache wakapata viti kwenye ndege ndogo. Marufuku ya kutoza marubani ingesaidia, ingawa bila ukaguzi wa mikataba ada hiyo inaweza kurudi ikiitwa gharama za simuleta au za usimamizi. Kwa sasa wanaosubiri na fedha mkononi ni wengi kuliko viti, na hakuna kampuni yenye sababu ya kuacha kuzipokea.