Mwathiriwa wa ubakaji anapogeuzwa mshtakiwa

MSICHANA anapobakwa, swali la kwanza la majirani mara nyingi humhusu yeye, wala si mshukiwa: Alikuwa akitafuta nini huko usiku?

Katika kaunti za Kisii na Nyamira, lawama ya aina hii ina mizizi mirefu. Mwanaanthropolojia Mmarekani Robert LeVine, aliyewachunguza Abagusii miaka ya 1950, aliandika mwaka wa 1959 kwamba bi harusi alitarajiwa kumkinza mumewe usiku wa ndoa, na jambo hilo lilimpa sifa. Mahali ambapo kukataa huhesabiwa kuwa desturi tu, anayekataa kwa dhati ni vigumu kusadikiwa.

Kuna pia chinsoni, kanuni za haya na staha baina ya vizazi, ambazo humzuia mzazi kuzungumzia mambo ya unyumba na mwanawe. Zilikusudiwa kulinda heshima. Hata hivyo, mtoto aliyenajisiwa hukosa namna ya kumweleza babaye, na kimya chake baadaye hudaiwa kuwa ishara kwamba aliridhia.

Ndiposa baadhi ya kesi humalizwa nyumbani. Wazee huketi, fidia hutolewa kwa wazazi, na msichana hubaki akinyooshewa kidole.

Hata korti zilikuwa na shaka hiyo. Ni mwaka wa 2003 ambapo Mahakama ya Rufaa iliamua kuwa kudai ushahidi wa ziada kwa sababu tu mlalamishi ni mwanamke ni ubaguzi.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, iliyowasilishwa bungeni na Njoki Ndung'u, inaeleza kuwa idhini ni kukubali kwa hiari, mtu akiwa na uhuru na uwezo wa kuamua. Hata hivyo, kifungu cha 38 kilimtishia mlalamishi aliyepatikana kudanganya kwa adhabu ileile ya kosa alilodai. Kiliondolewa mwaka wa 2012.

Aidha, kifungu cha 40 hakiwapi wazee wala wazazi mamlaka ya kusitisha kesi. Uamuzi huo sasa ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Lawama pia hugharimu afya. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinafaa kuanza kutumiwa ndani ya saa 72. Jamaa wanapojadili mavazi ya msichana, saa hizo huyoyoma.