Boneti ya Pijo, Sauti ya Hiace

Lubao, kwenye barabara ya Kakamega kwenda Webuye, inajulikana zaidi kwa soko lake la mbwa. Lakini mpenda magari akikaa kando ya lami hapo hana haja ya mbwa. Probox zilizojaa abiria hazikatiki, trekta za miwa zinaburuta matela kuelekea Kabras, na mara mojamoja hutokea Peugeot 504 ya kale, ile ambayo Wakenya huiita Pijo. Rangi imepauka, taa zake za pembe bado zinatazama kwa huzuni. Dereva akikanyaga mafuta, mwenye sikio hugeuka. Anayenguruma chini ya boneti si Mfaransa. Ni dizeli ya Hiace.

Marekani, mwenye Camaro ya miaka ya 1960 huing'oa injini ya zamani na kutia V8 ya aina ya LS, ambayo General Motors waliizindua ndani ya Corvette ya mwaka 1997. Anatafuta mbio, na pesa anazo. Magari hayo ya misuli hayakuota mizizi kwetu. Mwaka 1964 Ford walileta Mercury Comet zenye V8 kwenye mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki; mbili tu zilifika mwisho, iliyotangulia ikishika nafasi ya 18, na ushindi ukaenda kwa Cortina ndogo ya Peter Hughes na Billy Young. Pijo, kwa upande wake, ilikuwa nyumbani. Ile ya 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966. Ove Andersson akaishindia 504 mwaka 1975. Ikiwa tunalo gari la misuli, ndilo hili.

Mbona basi ling'olewe moyo?

Si kwamba injini yake ilikuwa mbovu. Ile ya petroli ya sentimita za ujazo 1,971 ina slivu zinazochomolewa, hivyo fundi aliweza kuifufua chini ya mwembe. Lakini 504 ziliacha kuunganishwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, na spea zikawa za kusakwa. Spea za Toyota zinauzwa kila mji. Dizeli inayoitwa 3L, yenye sentimita za ujazo 2,779, ilibeba Hiace na Hilux kwa miaka mingi, na pampu yake haihitaji kompyuta: ukiipa umeme wa kufungulia dizeli na wa plagi za kupasha moto, inawaka.

Kuiwasha ndiyo sehemu rahisi. Shafti ya Pijo imefichwa ndani ya bomba la chuma linaloshika giaboksi upande mmoja na difu upande wa pili. Giaboksi ya Toyota haina pa kulishikia bomba hilo. Fundi ama abaki na giaboksi ya Pijo na achongeshe bamba la kuiunganisha na injini ngeni, ama aondoe mfumo mzima hadi nyuma. Bamba likipinda hata kidogo, klachi italika na beringi zitalia. Bado sumpu inaweza kugonga chuma cha mbele, bado maunting za kuchomelea, bado rejeta, bado springi zinazolemewa na uzito mpya.

Hatari kubwa iko kwenye breki, na wengi hawaiwazii. Sava ya breki za Pijo hutegemea mvuto wa hewa kutoka kwenye injini ya petroli. Dizeli haina mvuto huo. Toyota walifunga pampu ndogo ya kuvuta hewa nyuma ya altaneta ya 3L. Anayetia altaneta yoyote aliyoipata dukani atakutana na pedali ngumu kama jiwe, pengine kwenye mteremko.

Kuna wanaoota injini ya Probox, ile 1NZ ya sentimita za ujazo 1,497, yenye nguvu na isiyo na ulafi wa petroli. Lakini hiyo hulala kukingama na kuendesha magurudumu ya mbele, huku ya Pijo ikitazama mbele na kusukuma ya nyuma. Inakuja pia na kontroli boksi na vihisio vyake. Sensa moja ikikosekana, fundi wa spana hana la kufanya. Ndiyo maana injini "mpya" ya kijijini mara nyingi ni ya muundo wa miaka ya 1980.

Karatasi nazo zina neno. Logibuku hubeba namba ya injini, ujazo wake na aina ya mafuta, kwa hiyo mabadiliko yanapaswa kufika NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na gari likaguliwe. Anayeliruka hilo hujuta siku mnunuzi anapoinua boneti akiwa na logibuku mkononi.

Baada ya hapo, mwenye gari huanza maisha ya majina mawili. Dukani, pedi za breki anaomba za Pijo. Filta ya oili, anaomba ya Hiace.