Chupa ya Chai Niliyomficha Daktari

Mwenzi wako akiambiwa ana kansa ya tumbo, utajaribu kila kitu. Mimi nilijaribu. Mume wangu alipoanza kemotherapi, shosti wangu aliniletea unga wa uyoga. “Unapandisha kinga. Ila usimwambie daktari, atakukatisha tamaa.”

Kila asubuhi nikawa namchemshia. Anakunywa, uso ameukunja, habishi. Wiki ya tatu muuguzi akaiona chupa ya chai kwenye kikapu changu. Aibu niliyoipata!

Daktari hakunifokea. Alivuta kiti, akasema wazo lenyewe si la kubeza. Mwaka 1985 Japani iliidhinisha lentinani, dawa iliyotokana na uyoga wa shiitake, itumike pamoja na kemotherapi kwa wagonjwa wa kansa ya tumbo. Kemotherapi inashambulia seli za kansa, lentinani inaamsha askari wa mwili. Lakini ile ilisafishwa, ikapimiwa dozi, ikadungwa kwenye mshipa. Unga wangu nilikuwa nakadiria kwa kijiko! Tena mitishamba mingine inaharibu tiba: mmea uitwao St John's wort hupunguza nguvu ya irinotekani, mojawapo ya dawa za kemotherapi.

Usiku ule mume wangu akaniambia, “Mama, nilikuwa nakunywa ili usilie.” Kumbe wote tulikuwa tunafichana!

Siku hizi chochote anachotaka kumeza tunakiandika kwenye daftari, daktari anakisoma kwanza. Na wewe, wa kwako umemwambia?